Jaji Hapimwi kwa Ngazi

Husikika watu wakisema kwamba Jaji Kahwa Lugakingira alifika mbali kwa sababu alipanda hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mimi nakikataa kipimo hicho. Cheo hutuambia mtu aliketi wapi. Hakituambii alitenda nini.

Mwaka 1994, akiwa bado Jaji wa Mahakama Kuu, aliamua huko Dodoma shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Alitamka kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama, na kwamba si halali mkutano wa hadhara kungojea kibali cha serikali. Wino haujakauka, Bunge likabadili Katiba ili kumfungia mlango mgombea binafsi.

Wapo wanaodai, basi, kwamba hukumu ile ilikuwa kazi bure. Bure vipi? Kuhusu mikutano, sheria ilirekebishwa, kibali kikawa taarifa. Kuhusu mgombea binafsi, ni kweli Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2010 kuwa hilo ni la Bunge kuamua. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliona kuwa Tanzania imevunja haki hiyo.

Nimefundisha walimu miaka mingi. Sikumpima hata mmoja kwa ukaguzi aliopandishwa, bali kwa darasa aliloliacha. Jaji naye apimwe kwa hukumu zake. Na Bunge lipimwe pia: kwa nini lilibadili Katiba badala ya kumjibu kwa hoja?