Akitoka Soba, Anakwenda Wapi?

Wadau wa tiba ya uraibu wakikutana, ukumbi hauchelewi kugawanyika. Huku watu wa soba, yaani nyumba za upataji nafuu, wanaoamini kuwa aliyepona ni yule asiyetumia kitu chochote. Kule watu wa methadoni, dawa inayonywewa badala ya unga wa heroini, wanaosema mtu kwanza awe hai, mengine yatafuata. Ubishi huu umedumu tangu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofungua kliniki yake ya methadoni Februari 2011, wakati Zanzibar tayari ilikuwa na nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa na watu waliowahi kutumia unga wenyewe. Tumeandaa toleo hili kwa sababu ubishi huo umetuchosha, na kwa sababu unalifunika swali ambalo mama yeyote mwenye mtoto soba analo kichwani: akitoka, anakwenda wapi?

Tumtazame kijana anayemaliza miezi minne. Arosto ilimwisha mapema. Amenawiri, usingizi umerudi, kikao cha asubuhi anakiongoza yeye, hatua kumi na mbili za kupona anazijua kwa moyo. Siku ya kuagwa mama yake anakuja na shati jipya, dua inasomwa, picha zinapigwa. Kisha anakabidhiwa simu aliyoiacha ofisini siku alipoingia, na namba ya muuzaji wake imo humohumo. Jioni yuko mtaani kwao, jirani na maskani ileile. Kazi hana. Ndugu wakimwona wanaficha pochi. Na hakuna aliyepangiwa kumpigia simu kesho yake.

Hapo ndipo watu wanapokufa. Mwaka 2003 John Strang na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 137 waliolazwa London ili waachishwe unga na dawa za jamii yake. Ndani ya mwaka mmoja watano walifariki. Watatu kati yao walikufa kwa kuzidisha dozi, wote ndani ya miezi minne, na wote watatu walikuwa miongoni mwa waliokamilisha tiba. Sababu yake haina fumbo. Mwili uliokaa muda bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, lakini mtumiaji anakikumbuka kipimo hichohicho. Kete aliyoizoea kabla ya kuingia soba inaweza kumuua wiki anayotoka. Nyumba inayomwaga kijana bila kumweleza jambo hili yeye na familia yake, na bila kuwaambia naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi, ni nini na inapatikana wapi, haijamaliza kazi iliyolipwa kuifanya.

Kwa hiyo sikubaliani na nyumba zinazomfungia mlango anayekunywa methadoni kwa hoja kwamba bado anatumia. Uchambuzi wa Sordo na wenzake wa mwaka 2017, uliokusanya rekodi za watu zaidi ya 120,000, ulionyesha vifo kama 11 kwa mwaka kwa kila watu 1,000 walio kwenye methadoni, na 36 kwa walioacha kuinywa. Soba inayomlazimisha mtu kuchagua kati ya kitanda na kikombe cha dawa inamwondolea kinga. Lakini kliniki nazo zisijione zimemaliza. Dozi humezwa mbele ya muuguzi kwa dakika moja, na saa zote zinazobaki ni za mtaa.

Pengo liko hapo, kati ya geti la soba na mlango wa nyumbani, na hoja yangu ni kwamba linazibika kwa fedha kidogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1975 huko Silver Spring, Maryland, Paul Molloy na wenzake waliambiwa nyumba ya mpito waliyokuwa wakiishi inafungwa. Wakaipanga wenyewe na kuiita Oxford House. Masharti yalikuwa machache: uongozi kwa kura, kila mmoja alipe sehemu yake ya kodi, na anayerudia matumizi aondoke. Hakuna mshauri anayelipwa, wala tarehe ya kuhama. Mtafiti Leonard Jason na wenzake waliwafuatilia watu 150 waliotoka kwenye tiba, nusu wakapelekwa kwenye nyumba hizo kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, waliorudia matumizi walikuwa asilimia 31 kwa wakazi wa nyumba hizo, na asilimia 65 kwa wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Atakayesema hayo ni mambo ya Marekani akumbuke kuwa hatua kumi na mbili nazo zilitoka hukohuko, na Unguja imezifanya zake. Vijana wanne wakipanga vyumba viwili Mwananyamala, Dar es Salaam, hawahitaji jengo wala mfadhili mkubwa. Kinachowashinda ni kodi ya miezi sita anayoidai mwenye nyumba mkononi. Mfuko wa kuwakopesha kodi hiyo ungeokoa watu wengi kuliko warsha tunazoziandaa.

Ndani ya toleo hili, makala kutoka Malindi inaeleza kazi ya tiba ya uraibu iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1990. Makala ya pombe inaonya kwamba kumwachisha pombe ghafla mnywaji wa miaka mingi bila daktari kunaweza kuleta degedege na kifo. Kila msimamizi wa nyumba aisome. Makala ya wanawake ni fupi, na nyumba zinazowapokea ni chache vilevile. Ile inayotetea kuwafungia waraibu kwa nguvu tumeichapa ili ijibiwe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka vituo vya namna hiyo vifungwe Machi 2012, na yalikuwa sahihi.

Wanaokagua soba wanahesabu vitanda, vyoo na vyeti vya watumishi. Waongeze maswali matatu: waliotoka mwaka jana ni wangapi, wangapi wako hai, na wangapi mnajua walipo? Nyumba isiyoweza kuyajibu isipewe shilingi ya umma hadi itakapoweza.