Kijukwaa Kiko Sebuleni, Uwanja Uko Wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa Kilwa Masoko, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike ambaye ni mwalimu. Sebuleni mwake, baina ya kochi na kabati la vyombo, nilikuta kijukwaa cha plastiki chenye urefu wa mita moja hivi, cha kukwea na kushuka. Wauzaji wanakiita stepu. Kilikuwa kimesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam pamoja na ukoo wake mzima: vipande vya kukinyanyulia, mkeka wa raba, mipira ya kuvuta, vyuma viwili vya mkononi, na karatasi yenye picha za mwanamke anayetabasamu bila tone la jasho. Mwenye mali alikuwa amekaa pembeni, goti limeviringwa bandeji. Siku ya nne kijukwaa kiliteleza juu ya vigae.

“Nimeambiwa presha imepanda, nifanye mazoezi,” aliniambia. “Sasa kaka, nikafanyie wapi?”

Ndugu msomaji, nimelibeba swali hilo hadi darasani na sijalipatia jibu la kujivunia. Ninaloweza kusema ni kwamba sisi tulioajiriwa na umma tumelijibu kwa hila.

Nisieleweke vibaya. Sikidharau kijukwaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakipima ustahimilivu wa moyo kwa kuwapandisha na kuwashusha vijana kwenye ubao tangu mwaka 1943, mara 30 kwa dakika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gin Miller, mwalimu wa mazoezi wa Marekani aliyeumia goti, aliimarisha misuli yake kwa kukwea na kushuka kreti ya maziwa. Naam, kreti! Kampuni ya Reebok ndiyo iliyokuja baadaye kuligeuza kreti kuwa bidhaa, na bidhaa ikazaa viongezeo, na viongezeo vikazaa viongezeo vingine. Sayansi yenyewe haikuhitaji zaidi ya kitu imara kisichoteleza.

Tatizo langu ni maana ambayo kijukwaa hicho kimepewa katika siasa yetu ya afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchi nzima. Wazo lilikuwa jema. Lakini tazama tulivyolipokea maofisini: tukashona fulana, tukaita wapiga picha, tukatembea kilomita chache nyuma ya mgeni rasmi, kisha tukarudi vitini kwa siku nyingine 29. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Jumamosi moja kwa mwezi haitoshi hata ukiikimbia yote.

Na kwa zile siku 29 mwananchi anaambiwa nini? Anaambiwa “jali afya yako.” Maneno hayo mepesi yanahamisha mzigo kutoka halmashauri hadi sebuleni kwa mwalimu. Asipokuwa na uwanja, anunue kijukwaa. Kikiteleza, anunue mkeka. Goti likiumia, anunue dawa. Kila hatua ya kushindwa kwetu kupanga miji ina risiti, na risiti hiyo inalipwa na mtu mwenye mshahara wa ualimu.

Kizazi changu kilianza siku kwa mchakamchaka. Tulikimbia peku, tukiimba, mwalimu wa zamu akiwa nyuma na fimbo. Sina hamu ya kuirejesha fimbo hiyo, lakini mchakamchaka ulikuwa na jambo moja: uwanja wa shule ulikuwa wa wote, na hakuna aliyeulizwa ana shilingi ngapi. Leo katika miji yetu mingi maeneo ya wazi yamekuwa vibanda, maegesho na nyumba za wenye sauti. Anayetaka kutembea alfajiri anaachiwa ukingo wa lami, agombanie nafasi na bodaboda na malori ya barabara ya Kusini.

Hapa hunijibu baadhi ya wenzangu kwa busara ya barazani: wanawake wa Pwani wana stara, hawawezi kukimbia barabarani, kwa hiyo mazoezi ya ndani ndiyo yanayowafaa. Nimelisikia hili hata kwa wanaharakati. Basi waende ufukweni wakati wa bamvua wawatazame wanawake walioinama saa kadhaa wakitafuta pweza miambani, au wanaobeba mwani ulioloa maji. Hao wako nje, wamejistiri, na miili yao inafanya kazi ambayo hakuna kijukwaa kitakachoifikia. Stara haijawahi kumfungia mwanamke wa Pwani ndani. Linalomfungia mwalimu, karani na muuguzi ni giza la barabara isiyo na taa na kejeli za vijana wa kijiweni ambao hakuna mtu mzima anayewakemea. Kuiita hali hiyo utamaduni ni kuwasingizia mabibi zetu.

Ng’ambo ya maji, Kilwa Kisiwani, magofu ya Husuni Kubwa yana bwawa la pembe nane ambamo sultani wa karne ya 14 alijiburudisha nyuma ya kuta, na ngazi za mawe zinazoshuka hadi baharini. Watalii hustaajabia bwawa, nami hulistaajabia pia. Ila kila nikiingia katika nyumba ya mtumishi mwenzangu na kukuta vifaa vya mazoezi vimepangwa nyuma ya geti, nakumbuka kwamba raha ya mwili kuwa mali ya mwenye ukuta si jambo geni kwetu.

Kwa wale watakaoniuliza wafanye nini wakati halmashauri inaendelea kulala: msinunue ukoo mzima. Kilwa ni wilaya ambayo misitu ya baadhi ya vijiji vyake ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na mafundi seremala wapo. Shemeji yangu alimpelekea fundi vipimo: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 15. Chini vikapigiliwa vipande vya tairi kuukuu, raba ileile ya katambuga, na ubao hautelezi hata ukiusukuma kwa mguu. Kanyaga kwa unyayo mzima, usining’inize kisigino. Shuka karibu na ubao. Goti likikunjwa kupita pembe mraba, kimo kimezidi. Mwenye presha apate kwanza ushauri wa mganga, kisha aanze polepole.

Dada sasa anautumia dakika 20 kila jioni, goti limepona. Jioni niliyoondoka, ubao ulikuwa uani na majirani wawili wakisubiri zamu, mmoja bado na kanga ya kutokea jikoni. Walikuwa wakijadili eneo moja la wazi mtaani kwao, ambalo wanasikia limeshagawiwa, na ni nani kati yao atakayesimama katika mkutano wa kitongoji kuomba kuonyeshwa ramani. Dada alisema atasimama yeye. Mkutano haujaitishwa bado, nasi tunahesabu miezi.