Mpiga kinanda asifukuzwe kama mwizi

Apitaye Barabara ya Jogoo jioni, watu washukapo kwenye matatu kuelekea Maringo na Jericho, hakosi kumsikia mpiga kinanda. Aghalabu ni kipofu. Kinanda chake kimeunganishwa na betri na kipaza sauti, na mkebe wa sarafu u miguuni pake. Wapo wanaomtunza, wapo wanaoziba masikio, na wapo askari wa kaunti, ambao sisi wa Eastlands hatujaacha kuwaita kanjo.

Ugomvi huu ni wa zamani. Jijini London, mtaalamu wa hesabu Charles Babbage aliwaandama kwa miaka mingi wapiga vinanda vya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyomwezesha mwenye nyumba kumwondoa mwanamuziki karibu na mlango wake. Huko New York, Meya Fiorello La Guardia aliwapiga marufuku kuanzia Januari 1936.

Hapa kwetu, hata hivyo, marufuku na vibali vilikuwa na kazi nyingine. Serikali ya kikoloni ilipoupiga marufuku wimbo wa Muthirigu mwaka 1930, haikuwa ikilinda usingizi wa mtu. Ilichokerwa nacho ni maneno, kwa maana wimbo uliwasuta wamishonari na machifu. Uhuru ulikuja, tabia ikabaki. Novemba 1977, mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa kibali cha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii iliyokuwa ikichezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Je, ni jirani gani aliyelalamika kuhusu kelele?

Ndiyo maana neno kibali hunitia shaka. Walakini, siwatetei wapiga kinanda kwa kila jambo. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wengi hulala katika vyumba ambamo ukuta mmoja mwembamba hutenganisha familia mbili. Saa mbili usiku ndiyo saa yao ya vitabu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema sauti nje ya makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huo huhesabiwa tangu saa mbili. Ni kanuni njema, ingawa matatu za Buruburu, nadhani, hazijawahi kuisoma.

Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa katika kifungu cha 33, na Jedwali lake la Nne linaikabidhi kaunti burudani ya umma pamoja na udhibiti wa kelele. Basi kaunti haina kisingizio. Itoe karatasi moja katika ofisi ya wadi, bila malipo kwa mlemavu, itaje mahali, saa na kiwango cha sauti. Kuhusu maneno ya wimbo isiandike hata neno moja. Asiye na karatasi aonywe kwanza, wala kinanda chake kisitupwe ndani ya lori juu ya nyanya za wachuuzi, kwani kikivunjika humo hatakuwa na jinsi ya kununua kingine. Siku za mvua afunguliwe ukumbi wa Kaloleni au wa Jericho.

Na saa mbili ikifika, azime betri aende nyumbani, mtoto wake naye apate kusoma.