Mwiba Uliofungiwa Makumbusho

Kalenga si mbali na mji wa Iringa. Pana jumba dogo la makumbusho pale, na ndani yake kuna kasha la kioo lenye fuvu la mtu. Siku niliyofika kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuona mikuki na ngao, lakini miguu iligoma mbele ya kasha lile. Fuvu ni la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898 asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani. Kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ulaya. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu kilichoitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo ndani ya miezi 6. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengi ya watu wengine ambao hakuna mkataba uliowataja.

Miaka mingi baadaye nilikisoma kitabu chembamba cha Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, nikajikuta nimerudi mbele ya kasha lile la Kalenga. Kitabu kinaitwa *Binti*. Kilitoka mwaka 2015, na jina lake halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wetu yeyote. Binti ana miaka 16. Ni Mhimba, wa jamii ambayo leo inaishi kaskazini mwa Namibia, na ni wa kwanza katika watu wake kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oomza, kilicho kwenye sayari nyingine. Anaondoka nyumbani kwa siri, anapanda chombo cha anga ambacho chenyewe ni kiumbe hai mfano wa kamba wa baharini, na huko njiani Meduse wanavamia. Hao ni viumbe wanaoelea kama yavuyavu wakubwa, maadui wa tangu zamani wa Wakhoush, taifa la binadamu linalowadharau Wahimba. Wanawaua wanafunzi wenzake wote. Wanaosalia ni Binti na rubani.

Meduse wako njiani kwenda kuishambulia Oomza, na wana sababu. Chifu wao alikatwa mwiba, mwiba ukapelekwa chuoni, ukawekwa makumbusho. Wasomi waliuona ni kitu cha kufanyiwa utafiti. Kwa Meduse, ule ulikuwa mwili wa mkubwa wao.

Naomba tukae kidogo katika chumba cha Binti, maana toleo hili zima limetoka humo. Nje ya mlango kuna viumbe walioua rafiki zake mbele ya macho yake. Ndani, yeye ana vitu viwili: kifaa cha kale cha chuma alichokiokota jangwani, kinachowadhuru Meduse wakimgusa na kinachomwezesha kuyaelewa maneno yao, na mtungi wa otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ambao Wahimba hujipaka mwilini. Meduse mmoja kijana, mwenye hasira kuliko wenzake, anaitwa Okwu. Minyiri yake ina majeraha. Otjize inapoigusa, majeraha yanaanza kupona. Msichana anampaka adui wa watu wake udongo wa kwao, kwa vidole vile vile vinavyotetemeka kwa woga, huku wafu wakiwa bado hawajazikwa. Kuanzia hapo mazungumzo yanawezekana. Si kwamba amesamehe. Hajapata hata nafasi ya kulia.

Kisha anawaambia kwamba yeye ni mpatanishi, ndiyo kazi aliyolelewa kuifanya, na kwamba waende naye mbele ya walimu wa Oomza, waudai mwiba kwa maneno kabla ya kuudai kwa damu. Wanakubali, kwa gharama ambayo hakuulizwa kama yuko tayari kuilipa: wanamchoma, na nywele zake, zilizosukwa kwa mpangilio unaosimulia ukoo wake, zinageuka minyiri. Walimu wanasikiliza. Mwiba unarudishwa. Okwu anaandikishwa chuoni, Meduse wa kwanza kuwa mwanafunzi pale.

Tulipotangaza mada ya toleo hili, vijana wanaotafuta amani katikati ya vita katika hadithi za kisayansi, kazi zilitufikia kwa wingi. Nyingi zilijua kupigana. Vyombo vya anga vilielezwa hadi skrubu ya mwisho, mizinga ya miale ikanguruma ukurasa baada ya ukurasa, kisha katika aya ya kufungia adui akalipuka na kijana akasimama kilimani akitazama jua likichomoza. Hiyo ndiyo ikawa amani. Tuliwarudishia waandishi kazi zao pamoja na swali moja: hawa walikuwa wanagombania nini? Baadhi walilijibu kwa sentensi mbili. Wengine waligundua kwamba hawajui, wakaandika upya hadithi nzima. Ndio mnaowasoma humu.

Sikuuliza swali hilo ili kuwasumbua. Naamini kabisa kwamba hadithi ya amani haiwezi kusimama bila kukitaja kitu kilichochukuliwa na mahali kilipofungiwa. Ukikosa kukitaja, unabaki na kijana mwema anayehubiri upendo, na msomaji wetu, hasa yule wa Goma au Bukavu anayesoma Kiswahili hiki hiki, atakifunga kitabu. Huyo hahitaji hadithi ya sayari ya mbali ili ajue bunduki inavyolia. Mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, naye pengine alikuwemo. Akifungua hadithi yetu anataka kuona kama mwandishi anajua kwamba vita vina mzizi, kwamba kuna ardhi, madini, kaburi au jina lililoporwa, na kwamba lazima mtu aende kulidai.

Tena ni kijana ndiye anayekwenda kulidai. Kwa nini? Jibu jepesi ni kwamba vijana wana moyo safi. Mimi sikubaliani nalo, na vitabu vyenyewe havikubaliani nalo. Kijana anaingia kati kwa sababu wakubwa wameondoka mahali pao. Katika kitabu cha tatu cha Binti, kilichotoka mwaka 2018, Wakhoush na Meduse wanarudi vitani, na safari hii uwanja wa vita ni ardhi ya Wahimba wenyewe. Wazee wa baraza la Wahimba wanaahidi kwamba watakuja kusimama pamoja na Binti wakati wa kusuluhisha. Saa inafika. Hawaji. Anasimama peke yake kati ya majeshi mawili, anapatanisha, viongozi wa pande zote wanakubali kuweka silaha chini, halafu risasi inafyatuliwa na vita vinawaka tena, naye yumo katikati. Anauawa. Hadithi inamrudisha kwa njia yake ya ajabu, sitaieleza hapa, lakini ukurasa ule wa wazee wasiotokea haufutiki. Nimeusoma mara nne. Kila mara namwona mtu ninayemfahamu, aliyeahidi kuja kikaoni.

Wajapani walilijua hili mapema. Yoshiyuki Tomino, aliyezaliwa mwaka 1941 nchi yake ikiwa vitani, mwaka 1979 alianzisha mfululizo wa katuni za televisheni uitwao *Mobile Suit Gundam*. Shujaa wake, Amuro Ray, ana miaka 15, na anaingia ndani ya roboti la kivita kwa sababu mji wake unashambuliwa na watu wazima wa kuliendesha hawapo. Kuna mahali anakutana vitani na Lalah Sune, binti wa upande wa adui. Akili zao zinagusana, wanaelewana kuliko walivyowahi kueleweka na ndugu zao. Silaha lakini imekwisha kuelekezwa. Lalah anakufa kwa mkono wa Amuro, dakika chache baada ya kuelewana. Wanaosema maelewano peke yake yanaleta amani waende wakaitazame sehemu hiyo. Naye Orson Scott Card, katika *Ender's Game* ya mwaka 1985, anaonyesha mtoto aliyedanganywa na makamanda kwamba yuko kwenye mtihani, kumbe kila amri anayotoa ni vita vya kweli, na anapomaliza ameangamiza aina nzima ya viumbe. Sehemu inayonivuta ni ya mwisho kabisa, ambayo wengi huipita haraka: mtoto huyo anatembea na kifukofuko cha malkia mmoja wa viumbe hao aliyesalia, akimtafutia mahali pa kuishi. Anarudisha anachoweza kurudisha.

Desemba 2015, miezi michache baada ya *Binti* kutoka, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250 kuhusu vijana, amani na usalama. Ni azimio zuri, na lilichelewa. Linamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 29. Binti asingeingia katika hesabu hiyo, wala Amuro. Vita haviangalii cheti cha kuzaliwa vinapochukua watoto. Tungetarajia meza ya mazungumzo nayo isikiangalie sana.

Kwa upande wetu hatuanzi kutoka patupu. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi, *Pumzi*. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, maji yanatolewa kwa kipimo, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena, na ndoto zinazuiwa kwa dawa. Asha anafanya kazi katika jumba la makumbusho la viumbe. Anapokea udongo usiojulikana umetoka wapi, wenye unyevu, usio na sumu ya mionzi, anaweka mbegu ndani yake, na mbegu inaota. Wakubwa wanamwambia kwamba nje hakuna uhai. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke anayesafisha vyoo, ambaye Asha alikuwa amempa maji kutoka katika mgao wake. Asha anautembea mchanga, anapanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe. Haipigwi hata risasi moja.

Makumbusho tena, mnaona. Binti anakuta mwiba wa mtu umefungiwa humo. Asha anakuta dunia nzima imefungiwa humo, imekauka ndani ya vioo. Sidhani waandishi hawa walishauriana. Nadhani ni Waafrika wawili wanaojua, kila mmoja kwa njia yake, jinsi kitu cha kwenu kinavyoweza kuwekwa mbali nawe kikapewa namba.

Mwezi Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akawaomba radhi wazao wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyeuawa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Familia hiyo inadai fuvu la babu yao. Hiyo si hadithi ya kisayansi. Lakini mwandishi kijana wa Songea anayetaka kuandika vita vya sayari mbili ana mahali bora pa kuanzia kuliko picha yoyote ya mizinga ya miale.

Kuna jina moja ninalolipenda kuliko yote katika fasihi yetu ya aina hii. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya, alichapisha mwaka 1995 riwaya yake *Walenisi*. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha anga na kujikuta katika sayari iitwayo Walenisi. Litamke jina hilo polepole. Wale ni sisi. Mkangi hakuhitaji sayansi ya mwanga wala injini ili atufikishe huko. Alihitaji maneno matatu ya kila siku akayashikamanisha. Naona hapo kazi inayowangoja waandishi wetu, na Kiswahili kina vifaa vyake: tuna mshenga, tuna msuluhishi, tuna kuwekana sawa, tuna kuombana radhi mbele ya mashahidi. Kwa nini makamanda wetu wa anga wazungumze kama wanajeshi wa sinema za kigeni, ilhali bibi zetu wamesuluhisha kesi za mipaka uani kwa lugha kali na tamu kuliko hiyo?

Hadithi zilizomo humu hazifanani. Mbili zinaishia pabaya, na tulizipokea hivyo, kwa sababu mwandishi alilijua kosa lilikoanzia akaona halirekebishiki ndani ya kurasa alizokuwa nazo. Moja haina vita kabisa, ina kikao tu, kirefu, chenye watu waliochoka. Nilipoisoma niliwaza ukurasa wa mwisho wa *Binti*. Mwiba umekwisha kurudishwa, mkataba umekwisha kukubaliwa. Mtungi wa otjize umeisha. Msichana anakwenda msituni kuchota udongo wa sayari ngeni, anauchanganya na mafuta, anausubiri, anampaka Okwu aone kama nao utaponya. Unaponya. Ndipo anapokishika chombo chake cha mawasiliano, kile alichokiogopa tangu aondoke bila kuaga, na kumtafuta mama yake.