Gari la stima nimelipenda, shida ni keja

Mwezi uliopita nilikuwa pua na mdomo na kununua gari la stima. Pesa zilikuwa tayari: akiba ya miaka minne na mkopo wa SACCO ambao ulikuwa umeshaidhinishwa. Gari lenyewe nilikuwa nimelipata kwenye yadi moja Ngong Road, Nissan Leaf mtumba kutoka Japan, betri ya yuniti 40, skrini yake ikiandika Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nikaliendesha hadi Karen na kurudi. Wasee, hakuna kelele kabisa. Ukikanyaga linaruka, ukiachilia linajipunguza lenyewe na kurudisha moto kidogo kwenye betri. Nilirudi yadi nikiwa nimeshaamua.

Kilichoniangusha hakikuwa bei wala kilomita. Ni swali la keateka wetu.

Naishi orofa ya tatu, nyumba ya kupanga kando ya Thika Road. Jioni hiyo nilimwendea mzee nikamuuliza kwa heshima kama kuna namna ya kupata soketi pale chini kwenye pakingi. Akaniangalia kwa muda. "Kijana, hiyo gari itakula stima ya nani?"

Nikampigia landilodi. Alinisikiliza, hilo nampa. Kisha akanieleza kwamba stima ya huku chini ni ya mita moja: taa za ngazi, pampu ya maji na lango. Bili hugawanywa kwa wapangaji wote. Nikichomeka gari langu pale, mama wa orofa ya kwanza ambaye hana hata baiskeli atakuwa ananilipia safari zangu za Westlands. "Na ikishika moto usiku?" akauliza. Mwishowe akanimaliza: "Ukitaka kuchaji gari, jenga kwako."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba kuhusu mita, mzee hakukosea.

Nasimulia haya kwa sababu kila nikisikia vijana wakibishana kuhusu magari haya, mjadala huwa ni wa gari: linaenda mbali? Linapanda mlima? Betri inakufa lini? Maswali mazuri, ila yanakuja ya pili. La kwanza ni unalala wapi. Gari la petroli halijali kama unaishi Runda au Zimmerman, kwa sababu kituo cha mafuta ni cha wote. La stima unafuu wake mkubwa uko kwenye kulichaji nyumbani usiku ukiwa umelala, na wengi wetu wa umri huu tumepanga, tena kwenye maploti ambayo hata pakingi yenyewe ni vita.

Kuna jamaa aliniambia niteremshe waya kutoka dirishani. Nilifikiria, nisidanganye. Lakini soketi ya kawaida ya ukutani inatoa kama yuniti mbili na nusu kwa saa. Betri ya 40 ikiwa tupu, hapo unaongelea saa 16. Waya wa kuunganisha uning'inie orofa tatu saa zote hizo, mvua ya Aprili ikinyesha, watoto wakicheza chini. Hapana. Hata kujaza kidogo tu kwa safari ya kesho, tuseme yuniti tisa, ni karibu saa nne kila usiku.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonivutia tangu mwanzo. Chukua gari dogo la petroli linalokunywa lita saba kwa kilomita 100 kwenye jamu yetu. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni 1,260. Leaf kwa umbali huo huo itataka kama yuniti 18, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Tokeni za nyumbani tuziweke shilingi 30 kwa yuniti: unapata 540. Umeokoa 720 kila kilomita 100. Tena hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, na breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo.

Tamu, sivyo? Ngoja. Mimi naendesha kama kilomita 100 kwa wiki, kazini na kwa mamangu Jumapili. Kwa mwaka ningeokoa kama 37,000. Ikiwa gari la stima limezidi lile la petroli kwa laki tano, na hiyo si tofauti ya kushangaza ukizunguka kwenye mayadi, nitarudisha pesa zangu baada ya miaka 13. Betri ya mtumba haitanisubiri miaka 13.

Mbona basi rafiki yangu anayebeba abiria wa apu anaona tofauti? Kwa sababu yeye hupiga kilomita 300 kwa wiki hata wiki ikiwa mbaya. Hapo ni zaidi ya laki moja kwa mwaka, na zile laki tano zimerudi kabla ya miaka mitano. Na anaishi Kitengela kwenye ploti ya familia, ukuta wao, mita yao, geti lao. Nikamwambia anunue jana. Wazo la teksi za stima si geni Nairobi: NopeaRide ilianza kubeba watu kwa Leaf mwaka 2018, ikafunga 2022. Wengine huichukua kama ushahidi kwamba magari haya hayawezi huku kwetu. Mimi naona kampuni hufungwa kwa sababu nyingi, na magari yalikuwa yanatembea.

Hoja ya kwamba "stima hupotea" ndiyo hunichosha zaidi. Ndiyo, tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizama gizani, hadi uwanja wa ndege. Lakini Aprili 2022 tulikuwa wapi? Kwenye foleni za vituo vya mafuta, wengine na mitungi mkononi, petroli haipo. Septemba 2023 lita ikafika 211 hapa Nairobi. Aliyechaji jana ana safari ya leo, stima iwepo isiwepo. Tena stima yetu yenyewe ni ya kujivunia: sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, na upepo wa kule Marsabit. Usiku sisi tukilala, mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kutumia hiyo stima. Hebu fikiria. Kuna moto unamwagwa saa nane za usiku, na mimi nimenyimwa soketi.

Betri ndiyo hofu ya haki. Leaf haipozi betri yake kwa maji kama magari mengi mapya ya stima, kwa hivyo joto huila pole pole. Ukienda kuangalia moja, usikubali kuonyeshwa rangi na viti. Tazama vijistari vya kupima afya ya betri kwenye dashibodi. Likiwa zima huwa na 12. Vikiwa tisa, shukuru kwa chai uondoke. Bora zaidi, chomeka kile kifaa kidogo cha OBD na utumie LeafSpy kwenye simu, upate asilimia kamili. Muuzaji akikataa usipime, umepata jibu. Na kabla hujalipa, mtafute fundi. Kirinyaga Road utapata spea za Vitz ukiwa umefumba macho, kwa Leaf utaulizwa, "Injini iko wapi?"

Halafu kuna Desemba. Leaf ya yuniti 40 ikiwa mpya hutembea kama kilomita 240. Betri ikishuka hadi asilimia 80, unabaki na 190 hivi, ukiendesha kwa adabu. Nakuru, kilomita 160, utafika. Lakini kwetu ni Kakamega. Baada ya Nakuru kuna ule mlima wa kuelekea Mau Summit, na hapo gari limejaa ndugu, unga na mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Ukijua kwamba kwa kijana Mkenya nusu ya sababu ya kununua gari ni kuingia nalo ushago Krismasi, utaelewa kwa nini wengi hukata tamaa hapa. Binafsi sikujali sana. Siku mbili kwa mwaka naweza kupanda matatu kama watu wengine.

Kilichonifunza zaidi ni bodaboda. Kwenye steji yetu kuna kijana mwenye pikipiki ya stima. Anaishi chumba kimoja, ploti yenye mita ya pamoja, landilodi mkali kuliko wangu. Hajawahi kumwomba mtu soketi. Betri ikikaribia kuisha anaenda kwenye kituo cha kubadilisha, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, dakika chache yuko barabarani. Kampuni kama Spiro na Ampersand zimejenga biashara yao juu ya hilo. Amefungwa kwenye vituo vya kampuni moja, na hilo humkera, lakini swali la unalala wapi wamemwondolea kabisa. Sisi wa magari hakuna aliyetufikiria hivyo.

Serikali imefanya kiasi. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 EPRA ikaweka bei maalum ya umeme wa kuchaji magari, nafuu zaidi usiku. Kisha zikaja namba za kijani. Vizuri. Lakini hebu angalia ni nani anaweza kuzigusa nafuu hizo: aliye na geti, aliye na mita yake, yaani mtu ambaye hata bila msaada angenunua. Huku kwetu maghorofa yanaota kila mwezi, na anayejenga leo anaweka nafasi ya dishi na matangi ya maji bila kuambiwa. Kupitisha waya mmoja na mita ndogo kwenye pakingi wakati jengo bado ni saruji mbichi ni gharama ndogo. Kuvunja ukuta baadaye ndiyo kazi. Hiyo ndiyo sheria ningependa kaunti iandike kabla ya kutupatia namba za rangi.

Kwa hivyo sikununua. Wala sikununua la petroli. Bado napanda matatu na pesa ziko SACCO. Wiki iliyopita niligundua wapangaji wengine wawili kwenye jengo letu wana mawazo kama yangu, mmoja ni mwalimu, mwingine anauza simu mjini. Tumeandika barua kwa landilodi: tutagharamia sisi wenyewe mita ndogo na soketi tatu, zifungwe na fundi mwenye leseni, kila mtu alipe anachotumia, na yeye achukue ada kidogo ya kila mwezi.

Bado hajajibu. Ila keateka jana alinisimamisha langoni akaniuliza, kama mtu ambaye hana haja sana na jibu, kama hizo soketi zinaweza kuchaji na pikipiki pia. Mwanawe ana mpango wa kuchukua moja.