Admisheni ya Nini? Twende Tuone Sanaa Makerere

Wasee, kuna kitu watu wa rika letu wanaogopa bila sababu: kuingia jumba la sanaa la chuo kikuu kama wewe si mwanafunzi.

Naiona kwa komenti kila nikiposti mchoro. "Hizo ni vitu za wasomi." "Mimi nilitoka kampo, nitaelewa nini huko?" Mimi pia nilitoka kampo, karo ilinishinda, na bado nasema hizo nyumba ni zetu. Kazi zilizo ndani zimetengenezwa na watu wa huku kwetu. Ukibaki nje juu huna digrii, unajinyima mwenyewe.

Chukua Makerere, pale Kampala. Shule yao ya sanaa haikuanza na jengo. Ilianza 1937 kwa veranda ya nyumba ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa ameishi Machakos kabla ya kuhamia Uganda. Veranda, mtu wangu. (Huyu mama alikuja na ukoloni, tusisahau. Hakutaka Waafrika wafundishwe sana mitindo ya Ulaya, na watu bado wanabishana kama hiyo ilikuwa heshima ama dharau. Mimi naona ilikuwa zote mbili.)

Kwa hiyo shule alipita Gregory Maloba, Mkenya kabisa. Ukienda Kampala utaona mnara wa uhuru wao, mtoto ameinuliwa juu na mtu aliyefungwafungwa vitambaa. Ni mkono wa Maloba, 1962. Uhuru wa Uganda ulichongwa na Mkenya, na mimi jina lake sikulisikia hata siku moja darasani. Elimo Njau pia alisoma hapo, yule aliyechora maisha ya Yesu kwa ukuta wa kanisa Murang'a, na mandhari ni ya Ugikuyuni. Ndiye pia alianzisha Paa ya Paa hapa Nairobi, 1965.

Lakini mtu wangu ni Rosemary Karuga. Alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sanaa hapo. Akarudi Kenya, akawa mwalimu, na miaka ikapita mingi sana bila jina. Alipokuja kushika sanaa tena alikuwa amezeeka, na pesa ya rangi haikuwepo. Akachukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akayakata vipande vidogo vidogo, akayabandika mpaka yakawa watu, kuku, wanyama. Mwaka wa 1987, karibu miaka 60, ndio akaenda kufanya kazi Paa ya Paa, na dunia ikaanza kumjua. Alifariki 2021. Kila msee anayeniambia hana vifaa vya kuanza kitu, mimi namtumia picha ya kazi ya Karuga na sisemi kitu kingine.

Sasa tufanye hesabu. Sam Ntiro, Mtanzania wa Makerere hiyo hiyo, mchoro wake mmoja ulinunuliwa na MoMA ya New York mwaka wa 1960. Kuuona huko unahitaji visa, na visa unaijua. Kuenda Kampala unahitaji kitambulisho tu. Hata pasipoti si lazima. Unapanda basi la usiku, unavuka Busia ama Malaba, asubuhi uko Wandegeya unakula rolex.

Nilipoenda, soja wa geti aliangalia begi, basi. Ndani nilikaa karibu saa mbili na hakuna mtu aliniuliza nilisomea wapi. Si kila kitu kimetundikwa, maonyesho yanabadilika, kwa hivyo usiende na orodha ukitarajia kuona kila jina. Kuna picha nilipenda, kuna zingine nilipita haraka kama matatu isiyo na abiria. Hiyo pia ni kuelewa sanaa. Hakuna mtihani.

Linganisha na huku. Kuna chuo kimoja hapa Kenya, sitakitaja, nilienda kuona kazi za wanafunzi wa sanaa wanaomaliza. Soja akataka kitambulisho cha mwanafunzi. Nikamwambia nimekuja tu kuona picha. Akanijibu, "Picha si ziko kwa simu?"

Sina beef na soja, yeye anafuata amri. Shida ni aliyetoa amri. Chuo cha umma kinaendeshwa na kodi, na kodi analipa mpaka mama anayeuza chapati nje ya geti hilo. Yeye ndiye anafaa kuingia kwanza. Wekeni kibao kwa geti kinachosema maonyesho ni ya kila mtu. Andikeni maelezo kwa Kiswahili pia. Na mfungue Jumamosi, juu msee wa mjengo hawezi kuja Jumanne saa nne asubuhi akaone michoro.

Kama unaenda Makerere, piga simu kwanza uulize siku na saa za kufungua, na uulize sheria ya kupiga picha kabla hujatoa simu. Ukifika ndani, uliza kama kuna kitu ya Karuga. Wakisema hakuna, waambie umetoka Nairobi kumtafuta.