Kiko Kilekile, Neno Jingine

Kila litajwapo jina la Bwana Msa, husikika hukumu ileile: kwamba "Mzimu wa Watu wa Kale" ndiyo riwaya, na zilizofuata ni makombo yake. Hukumu hii tunaipinga. Huo si uhakiki. Ni uvivu uliovaa joho.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliitoa riwaya hiyo mwaka 1960. Ikafuata "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, kisha nne nyingine kati ya 1973 na 1976, na mwaka 1984 "Kosa la Bwana Msa". Walalamishi husema: kiko ni kilekile, Najum ni yuleyule wa kushangaa, Inspekta Seif ni yuleyule.

Basi na tuwaulize wapenzi wa ushairi: nani aliyemlaumu malenga kwa kuwa utenzi wake wa leo una mizani nane kama wa jana? Kiko ndiyo mizani, Najum ndiye kina. Shairi halihukumiwi kwa bahari yake, bali kwa lililonenwa ndani ya bahari hiyo.

Na lililonenwa lilibadilika. Riwaya mbili za mwanzo ziliukabili woga wa mizimu na wachawi, zikamfundisha msomaji kumtafuta mwanadamu kabla ya kumsingizia pepo. Kisha zikaja "Duniani Kuna Watu" na "Mke Mmoja Waume Watatu": fumbo likahama mzimuni, likaingia nyumbani, kwenye nasaba na ndoa. Hatimaye jina la kitabu cha 1984 likamtia kizimbani mpelelezi mwenyewe. Je, hayo ni makombo?

Hatusemi kila juzuu isamehewe. Juzuu mpya ya mfululizo wowote na iulizwe swali moja: imethubutu kugusa nini ambacho iliyotangulia haikukigusa? Isipokuwa na jibu, itupwe, hata kama fumbo lake limefumwa kwa ustadi. Ikiwa nalo, tusiipime kwa kanzu ya kaka yake.

Maana mhakiki aliyeganda kwenye kitabu cha kwanza humfunza mwandishi chipukizi somo baya: kwamba akishasifiwa mara moja, salama yake ni kujinakili au kunyamaza. Na visiwa vinavyowanyamazisha watunzi wake vitabaki kusimulia ufasaha wa marehemu.